Vigae vya Bombo na Picha za Kolo: Habari za Watu Waliotutangulia

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana, mtoto mmoja wa darasa langu alikuja shuleni asubuhi na kigae cha chungu mkononi. Alikiokota shambani kwa baba yake, hapa Bombo, jembe lilipokigeuza. Kilikuwa kinene, chekundu kwa nje na rangi ya majivu kwa ndani. Mdomo wake ulikuwa umekatwa bapa, tena bapa, mfano wa vidato vya ngazi ndogo, na chini yake palikuwa na mistari iliyochorwa sambamba. Akina mama wafinyanzi niliowajua hawakufinyanga hivyo. Nikamwuliza mtoto, "Chungu hiki kilikuwa cha nani?" Akajibu, "Mwalimu, baba asema ni cha wale waliokuwapo."

Jibu lile halikunitoka moyoni. Kila ukoo katika milima yetu una habari zake: ulitoka wapi, nani aliuongoza, kilima gani uliwasha moto wa kwanza. Wazee huzitoa habari hizo kwa utaratibu, na sisi tuliosoma tumeziandika. Lakini hadithi ya ukoo huanza siku ya kufika. Waliokuwapo kabla ya siku ile hutajwa kwa neno moja, kisha msemaji hupita. Katika makala hii nataka kukaa kidogo na hao wasiotajwa. Nitaanza na kigae cha Bombo, kisha nitakwenda mpaka Kolo, katika nchi ya Kondoa, ambako watu wa kale walituachia picha juu ya mawe. Na mwisho nitaonyesha kwa nini jambo hili latuhusu hasa sisi walimu.

Yanipasa kwanza kukiri kosa. Siku ile niliwaagiza watoto wote walete vigae. Kwa muda wa juma moja tulijaza sanduku. Tukavisafisha kwa maji na brashi, tukavipanga dirishani, na wageni wakavisifu. Sikuandika kipi kilitoka shamba gani, wala kilikuwa katika udongo wa kina gani, wala kilikuwa pamoja na nini. Nilidhani nimeokoa mali ya kale; kumbe nilikuwa nimeiharibu. Sababu yake itaonekana mbele.

VIGAE VYASEMA NINI

Mwaka 1967 mtaalamu Robert Soper alitoa habari za uchimbaji wake katika upande wa kaskazini mashariki ya Tanzania. Mahali pamoja alipochimba ni hapa kwetu, na katika vitabu vya elimu ya mambo ya kale pameitwa Bombo Kaburi. Vigae alivyovipata ni ndugu wa vile alivyovichimba Kwale, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Kwa hiyo ufinyanzi huo huitwa ufinyanzi wa Kwale, na alama yake kubwa ni mdomo ule wenye vidato na mistari chini yake. Umri wa mahali pale ulipimwa, nao wafika kama karne ya 3 baada ya kuzaliwa Kristo. Maana yake ni kwamba miaka 1,700 hivi iliyopita palikuwa na watu hapa Bombo, wakifinyanga na kupika, na mitindo ya vyungu vyao ilikuwa moja na ya watu waliokaa karibu na bahari.

Wataalamu huwahesabu watu wa ufinyanzi huo katika wakulima wa kwanza wa nchi hizi waliojua kuyeyusha na kufua chuma, na wengi hudhani kwamba lugha zao zilikuwa za jamii ya Kibantu. Wala hawakuwa peke yao, au wa wakati mmoja tu. Huko chini Gonja Maore vilipatikana vigae vya namna nyingine, vya baadaye, wapata karne ya 9, navyo vimepewa jina la Maore. Na katika Upare ya Kaskazini, mwaka 1971, Knut Odner alitoa habari za vigae vya kale vilivyopatikana Usangi, karibu na hospitali. Basi milima yetu imekuwa na moshi wa meko kwa muda mrefu kuliko hadithi yoyote ya ukoo tuijuayo.

Walakini tujihadhari. Kigae hakisemi jina la kabila. Chungu huuzwa sokoni. Mke huolewa mbali akaenda na ufundi wa mama yake. Jirani huiga jambo lililo zuri. Mtu akiokota kigae chenye vidato asiseme, "Hawa walikuwa babu zetu," wala asiseme, "Hawa hawakuwa babu zetu." Atakalosema kwa haki ni hili: hapa palikuwa na watu, walijua kazi hii, na wakati wao ulikuwa huu.

KABLA YA CHUNGU

Sasa swali lafuata lenyewe. Wakulima hao wa kwanza walipopanda milimani, je, walikuta nchi tupu?

Hadithi za jirani zetu zasema hapana. Wachaga wa Kilimanjaro husimulia habari za Wakonyingo, watu wafupi wa juu mlimani. Wakikuyu husimulia habari za Agumba, nao wafupi, na habari za Athi, wawindaji ambao wazee wao walipatana nao juu ya ardhi. Hadithi za namna hii si za kuzimeza nzima, maana zimechanganywa na mambo ya ajabu. Lakini si za kuzidharau pia, kwani zimehifadhi fikira moja ya kweli: kwamba mkulima alimkuta mwindaji.

Mawe yashuhudia hivyo hivyo. Karibu na Iringa pana mahali paitwapo Isimila. Mwaka 1951 mwanafunzi wa shule ya St. Peter's ya Johannesburg, aliyekuwa akipita safarini, aliokota huko mawe yaliyochongwa na mikono ya watu. Wataalamu walichimba hapo mwaka 1957 na 1958, wakaona mashoka ya mawe kwa wingi, na umri wake wadhaniwa kuwa zaidi ya miaka 200,000. Laetoli, karibu na Ngorongoro, mwaka 1978, watu wa Mary Leakey waliona nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka 3,600,000 hivi iliyopita. Hao wa Laetoli hawakuwa bado watu kama sisi.

Watu kama sisi, kwa mwili na kwa moyo, twawaona vema katika pango lililo upande wa Kilifi, pwani ya Kenya, liitwalo Panga ya Saidi. Mwaka 2021 zilitangazwa habari za kaburi la mtoto lililoonekana humo. Umri wake ni miaka 78,000 hivi. Mtoto mwenyewe alikuwa wa miaka miwili na nusu au mitatu. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na kichwa chake kilikaa kwa namna ionyeshayo kwamba kiliwekwa juu ya kitu laini, mfano wa mto, ambacho kimekwisha oza. Wataalamu wamempa jina la Mtoto. Ndugu mwalimu, ukiwasomea watoto habari hii hutahitaji kuwaeleza kwamba watu wa kale walikuwa watu. Wataona wenyewe kwamba kuna mtu aliyelia siku ile.

PICHA ZA KOLO

Nimesafiri sana kwa maneno. Sasa tufike Kondoa. Ukitoka mji wa Kondoa kwenda kaskazini kwa njia iendayo Babati na Arusha, utafika kijiji cha Kolo, penye ofisi ya Mambo ya Kale. Nchi yenyewe ni ukingo wa bonde kuu la ufa. Mawe makubwa yamepasuka na kuinama mbele, yakafanya vibanda ambavyo mvua haiwezi kuingia ndani yake. Katika kuta za vibanda hivyo ndipo zilipo picha.

Serikali ilizihesabu kuwa kumbukumbu za taifa tangu mwaka 1937. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis (aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari) walikaa huko miezi kadhaa, na Mary akanakili kwa mkono picha 1,600 hivi. Nakala hizo zilitokea katika kitabu chake cha mwaka 1983, ambacho jina lake lasema kwamba sanaa hii ya Afrika inatoweka. Mwaka 2006 Unesco iliingiza mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lake ni kilometa za mraba 2,336, na vibanda vyenye picha vyakisiwa kuwa kati ya 150 na 450.

Nilipofika huko kwa mara ya kwanza, nilitazama ukuta kwa muda nisione kitu ila madoa mekundu. Kisha macho yakazoea, na madoa yakawa watu. Ni watu warefu, wembamba kupita kiasi. Wengine wana vichwa vikubwa vya mviringo, kama kwamba nywele zimefumuliwa au wamevaa kitu kichwani. Wapo waliopinda upinde, na wapo walioinama. Kati yao kuna wanyama: twiga, tembo, pofu, swala wa namna nyingi, na wanyama hao wamechorwa kwa ujuzi wa mtu aliyewatazama maisha yake yote. Mahali pamoja huko Kolo waonekana watu watano. Wa katikati anavutwa mikono na wawili upande huu na wawili upande huu. Na wale wa upande mmoja vichwa vyao si kama vya wenzao. Mary Leakey alidhani ni mtu anayenyakuliwa. Wengine baada yake wamedhani ni mganga katika ngoma, aliyezidiwa na nguvu, akishikwa na wenzake asianguke.

Neno moja la lugha hapa. Sisi husema "michoro ya miambani", na neno hilo limekwisha kubaliwa. Lakini kuchora kwa asili ni kukata mistari kwa kitu chenye ncha, kama mtu achoravyo mlango au ubao. Picha za Kondoa hazikukatwa, zilipakwa rangi. Katika nchi nyingine za Afrika ziko picha zilizokatwa kweli katika jiwe, na mwalimu afundishaye habari hizi yafaa aonyeshe tofauti, watoto wasichanganye kazi mbili. Rangi nyekundu ni udongo wenye kutu ya chuma, ule ambao maseremala wa zamani waliuita ngeu, uliosagwa na kuchanganywa na kitu cha kuushikamanisha, labda mafuta ya wanyama. Rangi nyeupe ni ya udongo mweupe. Picha nyeupe mara nyingi zimepakwa juu ya nyekundu, nazo ni nzito, zimepakwa kwa kidole, na kazi yake si nyororo. Kwa hiyo twajua kwamba nyekundu zilitangulia. Wataalamu wengi husema kwamba nyekundu ni za wawindaji, na nyeupe ni za wakulima waliokuja baadaye.

Lakini zilitangulia kwa muda gani? Hapa watu hupenda kutaja miaka mikubwa, na afadhali tueleze ugumu wake. Kila kilicho hai, mti au mnyama, hupokea kaboni ya hewani. Ndani yake imo sehemu ndogo ya namna isiyodumu. Kiumbe akiisha kufa, sehemu hiyo hupungua polepole, na kila miaka 5,730 nusu yake hutoweka. Kwa kupima iliyobaki, wataalamu hujua umri wa kaa la moto au wa mfupa. Lakini ngeu ni jiwe lililosagwa. Haikuwa hai kamwe, wala haina kaboni hiyo. Kwa hiyo picha nyekundu haiwezi kupimwa kama kaa lipimwavyo. Lipimwalo ni udongo wa sakafu ya kibanda na vitu vilivyomo.

Ndivyo ilivyofanyika katika kibanda cha pili cha Kisese, ambacho nacho kina picha ukutani. Ray Inskeep alichimba humo mwaka 1956. Alikuta zana ndogo za mawe, na shanga zilizotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni. Vitu hivyo vilipopimwa tena, na habari zake kutolewa mwaka 2018, ilionekana kwamba baadhi ya shanga hizo zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Je, picha nazo ni za miaka hiyo? Haifuati. Mtu aweza kukaa leo katika nyumba iliyojengwa na babu yake na kupaka ukuta rangi jana. Twaweza kusema kwamba watu waliopenda pambo walikaa chini ya ukuta ule zamani sana; tusiseme zaidi.

NANI ALIYEZICHORA, NA KWA NINI

Ili kujibu swali hili imetupasa kujifunza kwa ndugu zetu wa kusini ya Afrika, kwa kuwa huko ndiko ufunguo ulikoonekana. Na ufunguo huo ulikuwa lugha.

Katika nchi za kusini picha za mawe ni nyingi mno: katika milima ya Drakensberg, katika Matobo ya Zimbabwe, katika Tsodilo ya Botswana. Namibia pana pango lililopewa jina la Apollo 11, ambamo zilipatikana bapa za jiwe zenye picha za wanyama, na umri wake wakisiwa kuwa karibu miaka 30,000. Katika pango la Blombos, pwani ya Afrika ya Kusini, kimepatikana kipande cha jiwe chenye mistari iliyoandikwa kwa ngeu miaka 73,000 hivi iliyopita. Kwa muda mrefu wageni walizitazama picha hizi wakaeleza walivyopenda. Hata Padre Henri Breuil wa Ufaransa, mtu mwenye elimu nyingi ya mapango ya kwao, aliona picha moja katika mlima wa Brandberg huko Namibia, akasema ni bibi mweupe mwenye asili ya nchi za Mediterania, na mwaka 1955 akatoa kitabu juu yake. Waliokuja baadaye wameichunguza vema: si bibi, ni mwanamume, wala si mgeni, ni mwenyeji. Kosa lake halikuwa la macho. Kosa lilikuwa kumweleza mtu bila kuuliza lugha yake.

Wako waliouliza. Wilhelm Bleek, mjuzi wa lugha aliyekaa Cape Town, tangu mwaka 1870 aliwapata wafungwa wa watu wa /Xam, akaomba waruhusiwe kukaa nyumbani kwake wamfundishe. (Mistari tuiandikayo katika majina hayo ni alama ya vidoko, sauti zile zifanywazo kwa ulimi.) Mmoja wao, mzee aliyeitwa //Kabbo, alikubali kukaa zaidi ya ilivyompasa, ili habari za watu wake ziandikwe katika vitabu. Bleek alikufa mwaka 1875, na shemeji yake, Lucy Lloyd, akaendelea na kazi. Wakati huo huo, mwaka 1873, Joseph Orpen alipita katika milima ya Lesotho akiongozwa na kijana mwindaji jina lake Qing, ambaye alimweleza maana ya picha walizoziona. Miaka mia moja baadaye wataalamu kama Patricia Vinnicombe na David Lewis-Williams waliyasoma maandiko hayo tena, wakaona kwamba picha nyingi zahusu ngoma ya uganga na mnyama pofu, ambaye kwa watu wale alikuwa na nguvu kuliko wanyama wote. Leo lugha ya /Xam haisemwi tena na mtu. Kama vitabu vile visingeandikwa, ukuta ungekuwa bubu.

Na kwetu je? Karibu na Kondoa wakaa Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko. Na karibu na ziwa Eyasi wakaa Wahadzabe, ambao lugha yao nayo ina vidoko, ingawa lugha hizo mbili hazieleweki hata kidogo kati ya wasemaji wake, na wataalamu wengi wazihesabu kuwa mbalimbali kabisa. Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe katika miaka ya 1960, alisikia kwao kwamba kuchora juu ya mawe hakukuwa jambo la watu wengine. Lilikuwa la watu wao wenyewe, nalo liliungana na uwindaji, na tambiko, na ngoma yao iitwayo simbo, ambamo mchezaji hupagawa akawa kama simba. Neno hilo halitoshi kueleza kila picha ya Kondoa. Lakini ni shahidi, na amesema kwa lugha yake.

Tena, mwaka 2022 zilitolewa habari za mifupa ya watu wa kale iliyotoka katika kibanda kile cha Kisese, na katika Mlambalasi iliyo upande wa Iringa, na mahali pengine. Uchunguzi wa asili ya miili yao ulionyesha kwamba wawindaji wa nchi hizi walikuwa na damu ya mashariki ya Afrika, pamoja na damu iliyo na udugu na wawindaji wa kusini, na ya wale wa misitu ya katikati. Basi palikuwa na udugu wa kale kati ya Kondoa na kusini, ingawa hauwezi kutuambia kwamba picha za huku na za huko zina maana moja.

YAHARIBIKAYO

Picha zilizostahimili jua na upepo kwa vizazi vingi zaharibika katika siku zetu. Wageni wengine walizimwagia maji ili rangi ing'ae kwa picha zao. Miti iliyofunika vibanda imekatwa, na jua lafika ukutani. Iko pia habari iliyoenea Kondoa kwamba Wajerumani, walipokimbia katika vita vya 1914–1918, walificha mali chini ya mawe yenye alama; kwa hiyo wako waliochimba sakafu za vibanda kwa sururu wakitafuta dhahabu. Hawapati dhahabu, na udongo ule, ambao ndio pekee uwezao kutuambia miaka, umegeuzwa juu chini.

Jambo moja ni gumu zaidi, nalo halifai kuhukumiwa kwa haraka. Mongomi wa Kolo ni mahali pa tambiko hata leo. Wenyeji huenda huko kuomba mvua na uponyaji, na pombe na mafuta hurushwa ukutani. Mtunza picha asema, "Mnaziharibu." Mwenyeji aweza kujibu, "Sisi ndio tuliozitunza kwa kuwa twapaheshimu." Wote wawili wana neno. Mahali palipoachwa na wenyeji hulindwa na ukuta wa waya tu. Mahali wanapopaheshimu hulindwa na watu. Ni lazima wazungumze, kila mmoja akimsikiliza mwenzake.

YATUPASAYO WALIMU

Sasa narudi kwenye sanduku langu la vigae. Kwa nini nilisema niliviharibu? Kwa sababu kigae ni kama neno, na mahali pake ndipo palipo sentensi. Kigae cha Bombo Kaburi chasema karne ya 3 kwa kuwa kilikuwa katika udongo uliojulikana, pamoja na vitu vilivyojulikana. Vigae vyangu, ambavyo huenda ni ndugu zake hasa, havisemi kitu. Ni vizuri, lakini ni kama maneno yaliyokatwa katika barua na kutiwa katika mfuko. Picha ya Kolo nayo ina sentensi yake: udongo ulio chini ya ukuta, na lugha na desturi za watu wakaao karibu. Ukiondoa kimoja, kilichobaki chapungukiwa.

Kwa hiyo nawashauri ndugu zangu walimu mambo machache. Mtoto akileta kigae au jiwe lililochongwa, msimkemee, wala msimtume kuleta jingine. Andikeni siku, jina la shamba, na kina cha udongo kama akijua. Kisha kirudishwe au kihifadhiwe pamoja na karatasi yake. Msichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba bila kibali, na vitu vya kale vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863 vyalindwa nayo; mtu akigundua mahali pa kale apashe habari kwa wenye mamlaka. Mkiwapeleka watoto penye picha, watazame kwa macho tu, bila maji, bila chaki, bila kuandika majina yao.

Na lililo kubwa kuliko haya: andikeni maneno ya wazee. Msiulize tu, "Ukoo wetu ulitoka wapi?" Ulizeni tena, "Tulipofika tulimkuta nani? Alisemaje? Alikaa wapi? Tulipatana naye kwa njia gani?" Andikeni jibu kwa lugha ile ile mzee aliyoitumia, Chasu kwa Chasu, kabla ya kulitia katika Kiswahili, maana katika kutafsiri ndipo jina la kilima au la mti hupotea, na pengine jina lile ndilo pekee walilotuachia wale wa kwanza.

Baba wa mtoto yule alikwisha fariki zamani. Alisema, "Ni cha wale waliokuwapo," nami sikwenda kumwuliza alisikia wapi, wala alijua nini zaidi. Nilikuwa na sanduku la vigae, nikaona latosha.